Jua la Muanda

"Samaki imefika," Ruphin, mwenzake kazini, alisema kwenye simu. "Iko kwa stendi moja ya utalii. Haraka."

Simu ikakatika.

Kadidja akaitia Samsung mkobani, akagusa bastola ya Makarov kiunoni, akaingia ukumbini.

Katika idara yao ya ujasusi, samaki lilikuwa neno la siri la sokwe wachanga wawili wa aina ya bonobo, walioibwa msituni baada ya mama zao kupigwa risasi. Wakishavuka mpaka, basi tena.

Maonyesho ya utalii yalikuwa yamejaa watu. Mabango ya Wagenia, ya Yangambi. Mwisho kabisa, karibu na mlango unaotokea mtoni, bango la buluu: TEMBELEA MUANDA.

"Mi ni Arthur, muzaliwa wa kule kule," alisema mwanamume mwenye suti nyeupe.

"Nitaolewa mwezi yenye inakuya," Kadidja akadanganya. "Nataka kuona bahari."

"Bon! Kwetu jua haikosake, mama. Muji wa Boma, manyumba ya zamani. Mikoko, na nguva ndani. Alors, asubuhi unafungua dirisha, unaona jua inatoka mu bahari!"

Kadidja akatabasamu.

Alikuwa amefanya kazi Muanda miaka miwili. Bahari ile iko magharibi. Jua huzama humo. Halijapata kuchomoza humo hata siku moja.

Akainama. Chini ya meza palikuwa na sanduku la mbao lenye matundu.

"Na ile sanduku?"

"Makaratasi tu."

Makaratasi yakalia.

Arthur alilinyakua, akachomoka mlangoni. Kadidja nyuma yake. Mtu yule akarukia boti, mota ya Yamaha ikanguruma.

"Ruphin! Anashuka na mto!" Kadidja aliita kwenye redio ya mkobani.

"Mi niko huku chini. Mulete!"

Mvuvi mmoja alikuwa anafunga mtumbwi wake wa mota. Kadidja akajitupa ndani.

"Papa, fuata ile boti! Ni kazi ya Serikali!"

Mzee akawasha mota.

Risasi ya kwanza ya Kadidja ikaenda na maji. Ya pili ikapasua Yamaha. Mota ikakohoa, ikafa.

Arthur akaliinua sanduku juu ya mto.

"Tupa bastola! Ao naachilia!"

Kidole kidogo cheusi kilichungulia tunduni.

Kadidja akaitupa Makarov majini.

Arthur akacheka. Kisha akaliachilia hata hivyo.

Kadidja alikwisha kupiga mbizi. Maji mazito, rangi ya udongo, haoni kitu. Akapapasa. Mbao. Kamba! Akavuta huku kifua kinawaka moto, mpaka mikono ya mvuvi ikampokea.

Wakavunja mfuniko kwa kasia. Bonobo mmoja akakohoa, akamkumbatia mzee shingoni.

Wa pili alikuwa kimya.

Kadidja akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni. Tena. Tena.

Maji yakamtoka yule mdogo puani. Akalia.

"Asante Mungu," mvuvi akanong'ona.

Redio, iliyobaki mtumbwini na mkoba, ikakwaruza. "Boti ilishuka yenyewe mpaka huku. Tumemukamata," Ruphin alisema. "Anaita avocat amutetee. Na samaki?"

"Wote wawili wazima. Tuma daktari ya nyama kwa beach."

Kule beach, bandari ndogo ya mto, Adèle, daktari wa wanyama, aliwapokea na blanketi. Kadidja akapanda ukingo, viatu mkononi, nguo zikichuruzika. Muuza makemba, ndizi za kuchoma, akamkodolea macho.

"Mama, ulianguka mu mayi?"

"Kidogo tu," akasema, akanunua kemba moja la moto, akaenda zake.