Kumbikumbi wa Ukutani

Jumamosi ile Ng'washi aliosha vyombo kwa kasi ambayo mama yake hakuwahi kuiona. Sahani zilipiga kelele, vijiko viliruka nje ya karai, na sufuria ya uji ilisuguliwa upande mmoja tu kisha ikafunikwa kana kwamba imetakata.

"We Ng'washi, hizo ni sahani au ni maadui zako?" mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Mama, mvua imenyesha usiku kucha! Na tazama, jua hilo linatoka!"

Mama alicheka akaichukua ile sufuria aisugue mwenyewe. Alijua kwamba siku kama hiyo hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye akili yake ingebaki nyumbani. Mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza, na mvua za Oktoba huleta kumbikumbi.

Mtaa wao wa Nyakato, mjini Mwanza, ulikuwa umezungukwa na viwanda. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mwaka palizuka ghala jipya au kiwanda kipya cha minofu ya sangara, na viwanja vya kuchezea vilizidi kupungua. Lakini vichuguu viwili vilikuwa vimesalia. Kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba za Mstari wa Juu, alikokaa Ng'washi, na kingine kilikuwa karibu na nyumba za Mstari wa Chini. Kila wikiendi ya mvua, watoto wa mistari hiyo miwili walishindana kukamata kumbikumbi. Jioni walikutana uani kwa Mama Akinyi, kumbikumbi wakapimwa kwa bakuli, wakamiminwa pamoja kwenye sufuria moja kubwa na kukaangwa. Walioshinda walikula kwanza. Walioshindwa waliosha masufuria huku wakiimbiwa nyimbo za kuwazomea.

Mama Akinyi ndiye aliyeyaanzisha mashindano hayo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mzaliwa wa Shirati kule Mara, na ndiye aliyewafundisha watoto kuwaita kumbikumbi mchana kwa kugonga. Sheria yake ilikuwa moja, tena haikuwa na mjadala: wanaohesabiwa ni kumbikumbi waliogongewa kichuguuni. Wa kuokota chini ya taa hawamo.

Ng'washi alikuwa darasa la sita, na wiki hiyo alikuwa amechaguliwa nahodha wa Mstari wa Juu. Nahodha wa Mstari wa Chini alikuwa Odeta, msichana mrefu mwenye maneno mengi. Jumamosi mbili mfululizo Odeta alikuwa ameshinda, na wiki nzima shuleni alikuwa akimwuliza Ng'washi kama ameshanunua sabuni ya kuoshea masufuria. Mnaweza kufikiria jinsi maneno hayo yalivyomkaa Ng'washi rohoni!

Mchana, jua lilipochoma ardhi iliyolowa, kazi ilianza. Ng'washi na wenzake walichomeka fito kuzunguka kichuguu wakazifunika kwa blanketi zito, hadi ndani kukawa giza. Upande mmoja waliacha tundu dogo la mwanga, na chini ya tundu hilo wakafukia chungu. Kumbikumbi hufuata mwanga, kwa hiyo wakitoka hukimbilia tunduni na kutumbukia chunguni.

"Ojwang, gonga!" Ng'washi aliamuru.

Ojwang, rafiki yake na mgongaji hodari kuliko wote, alianza kupiga debe tupu lililolazwa ardhini. Tiki-tiki-tiki, taratibu, kama matone ya kwanza ya mvua, kisha kwa kasi. Wengine walipiga vijiti chini na kuimba:

"Mvua imekwisha, tokeni! Njia ni nyeupe, tokeni!"

Waligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Ghafla Ng'washi, aliyekuwa amelaza shavu karibu na tundu, aliruka juu. "Wanakuja! Jamani, wanakuja!"

Lo! Walikuja kweli. Mbawa zilisugua blanketi kwa ndani, shaaa, na kumbikumbi wanene walianza kudondoka chunguni mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Watoto walipiga vigelegele. Akilini Ng'washi alimwona Odeta tayari ameinama juu ya masufuria, mikono imejaa masizi, naye amesimama kando akiimba. Hakuna siku aliyowahi kufurahi namna ile.

Sasa, Ng'washi alikuwa na mdogo wake wa miaka mitano aitwaye Venant, na Venant alikuwa mtoto wa kutaka kujua. Alikwishachoka kuambiwa "wanakuja" bila kuwaona hao wanaokuja. Akazunguka nyuma, akashika pindo la blanketi na kulifunua lote.

"Venant!" watoto walipiga kelele pamoja.

Wapi! Mwanga uliingia, na kumbikumbi wote waliokuwa njiani walitoka kwa upande wa Venant wakapaa, wingu zima likapanda juu ya mabati na kupotea. Ndani ya chungu walibaki wachache, hata nusu haikufika. Waliendelea kugonga lakini hakutoka tena hata mmoja. Kutoka Mstari wa Chini zilisikika shangwe. Odeta na wenzake walikuwa wamejaza chungu chao.

"Basi tena," alisema Ojwang akijifuta jasho. "Leo pia sabuni ni yetu."

Wenzake walipoondoka kwenda kunywa maji, Ng'washi alibaki peke yake na chungu chake. Baadaye mama alimtuma dukani kununua chumvi, naye akapita njia ya mkato, kando ya ghala jipya la mahindi. Ghala hilo lilikuwa na taa kubwa nje, zilizowaka usiku kucha kwa jenereta hata mgao wa umeme ulipoufunika mtaa mzima.

Chini ya ukuta wake Ng'washi aliona kitu kilichomfanya asimame. Kumbikumbi! Walikuwa wamelala marundo kwa marundo, wale waliofuata taa za usiku. Hawakusogea. Kuku wawili wa jirani walikuwa wakiparura takataka pembeni, nao hawakuwagusa. Palikuwa na harufu kali pia, harufu ya dawa iliyomchoma pua.

"Labda ni harufu ya magunia tu," alijiambia, ingawa moyo wake haukukubali.

Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akatandika kanga yake, akazoa haraka haraka, akafunga. Nyumbani aliwamimina chunguni, akaongeza maji kama ilivyo kawaida ili mbawa zitoke, na akakoroga. Wa kichuguuni na wa ukutani wakawa kitu kimoja.

Ojwang alipokuja kumsaidia kubeba chungu, alitoa macho. "Ng'washi! Hawa wametoka wapi?"

"Mlipoondoka, wengine walitoka," alijibu bila kumtazama.

Ojwang alimkumbatia kwa furaha akakimbia mbele kuutangazia mtaa.

Uani kwa Mama Akinyi palikuwa pamejaa. Moto ulikuwa unawaka, sufuria kubwa ilikuwa mekoni, na ugali ulikuwa umeshasongwa. Mama Akinyi alipima bakuli kwa bakuli huku watoto wakihesabu kwa sauti. Bakuli la mwisho lilipotoka, Mstari wa Juu ulikuwa umeshinda!

"Yawa! Jamani, leo nahodha mpya ametunyoosha!" Mama Akinyi alipaza sauti, akawamimina wote sufuriani.

Ng'washi alibebwa juu juu. Odeta, masikini, alienda kutafuta majivu ya kusugulia. Kumbikumbi walikauka, wakaanza kulia vyaa vyaa kwa mafuta yao wenyewe, na harufu yake ilikuwa tamu kiasi kwamba wapita njia walichungulia uani.

Mmoja wao alikuwa Mzee Kashindye, mlinzi wa ghala la mahindi, aliyekuwa akienda zamu yake.

"Shikamoo, mzee," watoto walimwamkia.

"Marahaba, wajukuu. Ninyi mna bahati," alisema. "Pale kwangu wamejaa chini ya ukuta na siwezi kuonja hata mmoja. Jana bosi alipulizia kuta zote dawa ya wadudu. Kali hiyo! Jogoo wangu alidonoa wawili watatu tu alfajiri, saa mbili nimemkuta amekakamaa miguu juu."

Watu walimpa pole ya jogoo wake, naye akaendelea na safari.

Kelele zote uani zilimwishia Ng'washi masikioni. Akasema moyoni, labda moto utaimaliza hiyo dawa. Labda ni wachache tu. Na akisema, je? Ushindi utakwenda, Ojwang atamwona mwongo, Odeta atamwimba mpaka Krismasi, na chakula cha watoto wote kitamwagwa kwa ajili yake. Aliogopa. Aliogopa sana, na mdomo haukufunguka.

Mama Akinyi aliipua sufuria. "Walioshinda kwanza! Na mdogo wake nahodha aanze, maana naambiwa leo ndiye aliyetaka kuwaharibia."

Watu walicheka. Venant alisogea mbio, akachota kiganja kizima, akapuliza kwa mashavu yaliyovimba na kukipeleka mdomoni.

"Usile!"

Ng'washi hakujua kama sauti ile ilikuwa yake. Aliruka, akampiga mdogo wake mkono, na kumbikumbi wakatawanyika mavumbini. Venant aliangua kilio.

"Asile mtu! Msile! Wana dawa!" Ng'washi alikuwa akilia. "Niliwaokota mimi, kwenye ukuta wa ghala. Wetu walikuwa wachache. Niliwachanganya. Jamani, msile!"

Mama Akinyi aliinama, akamshika Venant kidevu, akamfungua kinywa na kutazama. "Umemeza?"

Venant alitikisa kichwa kukataa, machozi yakimtiririka. Hata hivyo alisukutuliwa kwa maji safi, akanawishwa mikono kwa sabuni, na kila mtoto aliyegusa kumbikumbi wale akafanyiwa vivyo hivyo. Kisha Mama Akinyi akachukua jembe, akachimba shimo refu kando ya uzio, akawamwaga humo kumbikumbi wote na kuwafukia ili hata kuku wasiwapate. Jembe tu ndilo lililosikika.

Odeta ndiye aliyelalamika kwanza. "Na wetu pia wamefukiwa! Tumegonga mchana kutwa, kumbe kwa ajili ya shimo!"

Ojwang alimtazama Ng'washi mara moja, akachukua debe lake, akaondoka. Hilo lilimwuma Ng'washi kuliko maneno yote ya Odeta. Watoto walikula ugali kwa chumvi, na walipomaliza, Ng'washi alizisugua sufuria zote peke yake kwa sabuni na majivu, ndani na nje, mpaka Mama Akinyi akamwambia inatosha.

Mama yake aliposikia habari alimkalisha chini. Hakumpiga. Alimweleza tu kwamba wakimwona Venant anatapika watakimbia naye zahanati. Ng'washi alilala kwa mang'amung'amu, akisikiliza pumzi za mdogo wake.

"Uji wangu uko wapi? Na sukari iwe nyingi!" Venant alipayuka alfajiri.

Siku nyingine Ng'washi angemfinya. Siku hiyo alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kuwa anaumizwa.

Jumapili, baada ya ibada, manyunyu yalipita na jua likatoka tena. Ng'washi alienda kichuguuni peke yake na blanketi. Alikuwa anachomeka ufito wa mwisho aliposikia mtu nyuma yake akitua debe chini. Alikuwa Ojwang.

"Ulinidanganya," Ojwang alisema.

"Nilikudanganya. Nisamehe."

"Usirudie." Akakaa chini. "Na huyo Venant apewe kijiti agonge, tujue mikono yake iko wapi."

Wengine walifuata mmoja mmoja. Venant aligonga kwa bidii kama mtu anayelipwa, na safari hii hakuna aliyegusa blanketi. Mchana ule vichuguu vyote viwili vilitema kumbikumbi kama vilikuwa vimeambizana. Mistari yote miwili ilienda kwa Mama Akinyi ikikimbia, ikiimba, ikimwaga maji njiani.

Mama Akinyi aliwakaanga wa Mstari wa Juu kwanza. Ng'washi aliwamimina kwenye bakuli na kumpelekea kwa mikono miwili. Watoto walisita. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mama," alisema Odeta polepole, "si umwulize kwanza amewatoa wapi?"

Ng'washi aliinamisha kichwa. Mama Akinyi alichota kiganja kilichojaa, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka huku wote wakimtazama. Akameza.

"Watoto, nisikilizeni," alisema. "Jana Ng'washi alifanya kosa baya, kosa la kuua. Uongo wa kutaka kushinda mchezo ulifika hadi mdomoni kwa mdogo wake. Sitaki mlisahau hilo. Lakini alipoona hatari, alijiumbua mwenyewe mbele yetu sote, na hakuna aliyekuwa amemshika. Kusema kweli wakati hakuna anayekushuku ni kazi ngumu, na wakubwa wengi inatushinda. Mtu wa namna hiyo nimwulize nini?"

Akamsogezea Odeta bakuli. Odeta alimtazama Ng'washi, akachota, akala. Baada ya hapo mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba Ng'washi mwenyewe alipata wawili tu.