Nasike Apimwa kwa Mizani ya Samaki

Kila alfajiri Nasike aliwaacha Wafula, mume wake, na mtoto wao Robinson wamelala, akatoka mtaani kwao Migosi, Kisumu, kwenda kukimbia. Ukungu ulitanda juu ya ziwa, na mashua zilionekana kama zinaelea hewani. Nasike alikimbia huku anatabasamu, kama mtu aliye ndotoni. Alikuwa anajiandaa kwa mbio za kilomita arobaini na mbili. Mbio hizo alizitamani tangu utotoni.

Nasike, kama Wafula, alizaliwa Kapsokwony, kwenye baridi ya Mlima Elgon. Kule Nasike na wenzake hawakunywa maji njiani. Walisubiri wafike nyumbani, ndipo wanywe chai ya maziwa, kikombe juu ya kikombe. Basi hata Kisumu akafanya vivyo hivyo. Jamani, joto la Kisumu halina mchezo! Siku moja jua lilipanda, na Nasike akaona ziwa nalo linapanda, linakuja barabarani taratibu, linamwita. Akaanguka.

Watu walimleta nyumbani. Wafula alishikwa na hofu.

"Mama Robinson, ukianguka tena, mambo ya mbio yaishe. Mimi nakutaka ukiwa mzima."

Nasike alilia siku nzima. Alipopata nguvu, akaamua kuikomesha kiu. Alikunywa jagi zima la maji, akaongeza la pili. Akatoka kukimbia, na njiani akanywa tena na tena. Alirudi akitapika, kichwa kinamgonga, vidole vimevimba. Wafula alimwita jirani yao Debra, ambaye ni muuguzi. Debra hakupoteza wakati, akampeleka hospitali.

Nasike alipopona, alimuuliza Debra, "Sista, nisipokunywa naanguka. Nikinywa natapika. Sasa nifanye nini?"

"Acha kukisia. Twende tukupime."

Walikwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kwa mama yake Debra anayeuza samaki. Mizani ilining'inia juu ya meza. Nasike akashika ndoano kwa mikono miwili, akainua miguu.

"Wee! Mbuta wa leo amekonda!" wauzaji wakacheka, wakimfananisha na yule samaki mkubwa wa ziwani.

Kilo hamsini na mbili. Nasike akakimbia saa moja bila kunywa. Akarudi, akajipangusa jasho, akaning'inia tena. Kilo hamsini na moja.

"Woi! Nimekonda saa moja?"

"Hayo ni maji," Debra alisema. "Kilo moja ni kama lita moja. Kwenu kuna baridi, jasho ni kidogo. Hapa kuna joto na unyevu. Jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili unatoa jingine, na jingine."

"Kwa hiyo ninywe lita nzima kila saa?"

"Hapana. Kunywa kidogo kidogo, ukisikia kiu. Usinywe kuzidi yale uliyopoteza. Ukirudi na uzito zaidi kuliko ulivyotoka, umekunywa kupita kiasi. Maji mengi matupu hufanya chumvi ya damu ipungue, na hiyo inaweza kuua."

Debra alimwonyesha kinywaji cha njiani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Akamwambia pia aupe mwili wiki mbili za kuzoea joto, akianza na mwendo mfupi.

"Na kichwa kikizunguka?"

"Simama! Kaa kivulini, uite watu. Usibishane na mwili."

Nasike alifuata ushauri huo. Siku ya mbio, kilomita ya thelathini, jua lilikuwa kali na ziwa lilimeremeta. Lakini lilibaki mahali pake. Alikunywa mafunda mawili, akaendelea. Miguu ilimwuma, moyo ulijaa furaha.

Alimaliza wa tisa. Wafula alipenya katikati ya watu, akamshika mabega, akamtazama machoni.

"Mama Robinson! Hujachanganyikiwa? Mimi ni nani?"

"Wewe ni mwoga mmoja kutoka Kapsokwony."

Wafula akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akamuuliza, "Mbio nyingine ni lini?"