Kadi Yenye Feni Moja

"Oya Hamza, mchumba wako kafungua kituo cha televisheni au?"

Saulo alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chao cha kompyuta pale Mwanjelwa, Mbeya, simu mkononi, meno yote nje. Hamza alikuwa na kompyuta ya mteja imefumuliwa mezani, hakutaka hata kuinua kichwa.

"Kwa nini?"

"Angalia status yake mwenyewe. Mimi sitaki kesi."

Hamza akaangalia. Ilikuwa picha ya tumbo la kompyuta ya Yasmini, kule Iringa, ile anayohariria video za harusi. Kompyuta ile aliiunda yeye Hamza kwa mikono yake. Lakini pale ilipokuwa ile kadi ndogo ya grafiksi aliyompa, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kutoa video, yenye feni moja, sasa lilikuwa limelala dude lenye feni tatu, refu kama kiatu cha askari, linawaka taa za bluu na zambarau. Chini yake Yasmini ameandika: "Harusi ya leo, video ya leo. Karibuni."

"Hiyo ni kali, mwanangu," Saulo akazidi kutia chumvi kwenye kidonda. "Ya kwako ikianza kutoa video ya harusi, bibi harusi anajifungua kwanza. Hiyo hapo unaenda kunywa chai, ukirudi kazi imeisha. Swali ni moja tu. Nani kampa?"

Jamani, kuna maswali mtu hapaswi kuulizwa mbele ya bisibisi. Hamza aliitupa ile bisibisi mezani, akatoka nje na simu.

"Hiyo kadi umeitoa wapi?"

"Waalaikumu salaam na wewe," Yasmini akajibu.

"Yasmini."

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

Kikapita kimya kidogo. Kwa mtu mwenye wivu, kimya kidogo kinatosha kujengea ghorofa.

"Shamsudin."

Hamza akafumba macho. Shamsudin, mtoto wa mwenye ukumbi wa harusi pale Iringa mjini. Shamsudin ambaye mwaka juzi alipeleka posa kwa kina Yasmini, akaambiwa binti hajawa tayari. Na posa ya Hamza mwenyewe ilikuwa iende Jumamosi ya wiki inayofuata!

"Ni kwa ajili ya harusi ya dada yake Jumapili hii," Yasmini akasema. "Wanataka video ionyeshwe ukumbini siku hiyo hiyo. Ya kwako haiwezi, Hamza, na unajua haiwezi."

"Kwa hiyo mimi siwezi."

"Nimesema kadi."

"Nimesikia ulichosema."

Nyuma ya sauti ya Yasmini akasikika mwanamume anacheka. "Mwambie shemeji asiwe na presha! Tunaangalia tu inavyokimbia!"

Hamza alikata simu. Mchana ule hakula. Alikumbuka siku alipoipeleka ile kadi ndogo Iringa, ameipakata kwenye basi kuanzia Mbeya, ameizungushia sweta lake mwenyewe, na baridi ya Makambako ikamtafuna bila huruma. Wakati huo hakuna aliyeamini kwamba Yasmini ataishi kwa kuhariri video. Baba yake alikuwa anasema huo ni mchezo wa watoto. Kadi ile ndiyo iliyomwanzishia kazi. Na leo imetolewa, imewekwa kwenye droo, ili la Shamsudin likae.

Kesho yake asubuhi Yasmini alimwandikia: "Leo studio nafunga. Nakwenda kumsaidia mama mapishi."

Sasa hapa ndipo wivu unapomfanya fundi asahau ufundi wake. Kwenye kompyuta ya Yasmini kulikuwa na programu ya kuingilia kwa mbali. Hamza aliiweka yeye, ili kompyuta ikisumbua aitengeneze akiwa Mbeya. Alijua fika kwamba ukiingia, mwenye kompyuta anakuona kwenye kioo chake, kishale kinatembea kama kina pepo. Lakini si amesema studio imefungwa? Akaingia.

Akafungua folda ya kwanza. Picha za dada yake Shamsudin anapakwa hina. Akafungua ya pili. Keki. Akafungua ya tatu. Wajomba wanakula pilau ya sherehe hiyo ya hina. Mtu mwenye akili timamu angeishia kwenye pilau. Hamza akaenda kwenye WhatsApp ya Yasmini iliyokuwa imeachwa wazi, akalitafuta jina la Shamsudin, akalipata.

"Yasmini, hiyo kadi usiirudishe. Ichukulie ni zawadi. Na ningepewa nafasi, ningekupa zaidi ya hiyo."

Damu ikampanda. Chini yake kulikuwa na jibu. Akataka kushuka alisome, na kishale kikamponyoka. Kikaenda chenyewe pembeni, kikafungua ukurasa mtupu, herufi zikaanza kutokea moja moja.

"Unatafuta nini, Hamza?"

Hamza akaondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeshika pasi ya moto.

"Nimepita kuchukua chaja," maandishi yakaendelea. "Nimekaa hapa nakuangalia tangu ulipofungua picha za hina. Endelea. Soma na jibu langu."

Aibu ilimwingia mpaka masikioni. Angeandika neno moja tu, nisamehe, na hadithi hii ingeishia hapo. Lakini mwanamume akibanwa na aibu hukimbilia hasira, maana hasira haina maswali. Akaandika:

"Kama umeshapata kubwa, nirudishie kadi yangu."

Halafu likaja neno moja.

"Sawa."

Kioo kikawa cheusi. Alikuwa amefungiwa nje.

Jumanne konda wa basi akampigia, njoo stendi uchukue mzigo wako kutoka Iringa. Ilikuwa ile kadi, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Feni yake ilikuwa imesafishwa, hakuna hata chembe ya vumbi. Usafi ule ulimuuma kuliko tusi. Akaiweka juu ya kaunta, akawa anaitazama tu, mpaka alipoingia mteja wao mmoja anaitwa Isakwisa, mwenye banda la gemu kule Chunya.

"Hiyo unauza?"

"Hamza, usi..." Saulo akaanza.

"Chukua," Hamza akasema. "Iondoe mbele ya macho yangu."

Hasira hasara, na Hamza hakuridhika na hasara moja. Jioni ile alipanda pikipiki yake mpaka Uyole kwa fundi mwenzake aliyekuwa na kadi kubwa, feni tatu, mataa kama disko. Alikwenda na pikipiki, akarudi kwa miguu.

"Hii ndiyo itakayokwenda na posa," akamwambia Saulo. "Tena hii ni kubwa kuliko ya Shamsudin. Nimeangalia."

Saulo akamtazama kwa huruma. "Nikuulize kitu, ndugu yangu. Unamposa Yasmini au unamposa Shamsudin?"

Hamza akaanza kuifunga kadi kwenye karatasi ya kung'aa.

Jumamosi Mjomba Alawi na Shangazi Mwanakhamisi wakaenda Iringa na sinia, na juu ya sinia lile dude limefungwa karatasi ya kung'aa. Hamza alibaki Mbeya, maana kwenye posa huenda wazee. Alishika simu tangu asubuhi mpaka ikapata joto. Kichwani alishaona yote: sinia linarudi, Yasmini amevishwa pete na Shamsudin, lile dude la mataa linatoa video ya harusi yao. Mchana simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wamekubali."

"Alhamdulillah!" Hamza akaruka, akagonga kichwa kwenye rafu.

"Subiri. Binti ametaja mahari yake, na hapa wazee tumebaki tunatazamana. Anasema hili likubwa lirudi Mbeya. Anataka kadi yenye feni moja. Ile ile, siyo ya kufanana nayo. Anasema ina mkwaruzo pembeni, uliichubua mwenyewe na bisibisi siku unaifunga. Baba yake kamwambia, mwanangu unajishusha. Kasema hiyo ndiyo mahari yake na hana nyingine."

Kabla Hamza hajafungua mdomo, shangazi akainyakua simu.

"We Hamza! Umemfanya nini mtoto wa watu? Studio yake imefungwa! Ya yule kijana wa ukumbi karudisha tangu Jumatatu, ya kwako umemnyang'anya, kompyuta haina kadi hata moja. Harusi za watu zimemlalia!"

"Karudisha?"

"Karudisha! Ulitaka akae nayo? Sasa hiyo ndogo unayo?"

Hamza akatazama kaunta tupu. "Ninayo, shangazi."

Alimpigia Yasmini, hakupokea. Alimpigia tena. Ukaja ujumbe: "Usinipigie. Lete kadi."

Dude liliporudi Mbeya tu, Hamza akalibeba likiwa bado kwenye karatasi yake ya kung'aa, akapanda gari la Chunya. Alimkuta Isakwisa bandani, wachimba dhahabu wamekaa kwenye mabenchi na matope yao magotini, wanacheza mpira kwenye kioo, wanapiga kelele kuliko wa uwanjani.

"Naomba nikupe hii, unipe ile niliyokuuzia."

Isakwisa akaitazama ile kubwa. Akamtazama Hamza. Akaitazama tena.

"Ya wizi hiyo."

"Ya kwangu. Niliibadilisha na pikipiki."

"Hata kama. Kompyuta yangu haiibebi hiyo. Nikiiwasha, banda zima linazima."

"Nimekuja na pawa saplai kubwa, itaipa umeme wa kutosha. Naifunga mwenyewe, bure."

"Na betri je?" Isakwisa akakunja mikono. "Huku umeme ukikatika, hii ndogo inakula kidogo kidogo, vijana wanamaliza mechi. Hiyo yako ya mataa itamaliza betri kabla mtu hajapiga kona. Ni nzuri, sikatai, lakini nzuri kwa nani? Mimi hii nimeshaizoea."

Hamza akahisi machozi yanamkaribia, mbele ya wachimbaji wote wale. "Kaka Isakwisa, nakuomba. Ni mahari."

"Ni nini?"

"Mahari. Binti kasema anaitaka hiyo. Nisipoipeleka, sina mke."

Mchezo ukasimama. Banda zima likageuka, kisha likaangua kicheko mpaka mabati yakaitikia. Isakwisa alicheka akafuta macho kwa kiganja.

"Kipenda roho hula nyama mbichi," akasema. "Kaa hapo. Mechi ikiisha tunafungua."

Hamza alikaa, akasubiri mechi ya watu wengine iishe. Walipoitoa, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa ule mkwaruzo. Ulikuwepo. Aliupapasa kwa kidole gumba, na mchimbaji mmoja akamwambia mwenzake huyu kijana amelogwa.

Nikah ilifungwa Iringa, Ijumaa baada ya swala. Sheikh alipotaja mahari alisita kidogo, akaisoma mara mbili, na Hamza akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha akapelekwa chumbani kumpa mkono mkewe. Nasrin, binamu wa Yasmini, akawafungulia mlango, akatoka anajizuia kucheka.

Yasmini alikuwa amekaa kitandani na hina mpaka viwikoni. Akaipokea ile kadi, akaigeuza, akaangalia mkwaruzo, halafu akapuliza feni. Vumbi likaruka.

"Niliituma ikiwa safi. Hili vumbi la wapi?"

Hamza angeweza kudanganya. Alishamdanganya shangazi.

"La Chunya. Niliiuza kwa hasira. Nimeikomboa kwa ile kubwa."

"Ile kubwa umeiacha Chunya?"

"Wanachezea mpira."

Yasmini akaziba mdomo, mabega yakatikisika. Lakini aliposhusha mkono hakuwa anacheka.

"Ile kubwa ni nzuri, Hamza. Usidhani sijui. Siku naitoa ile ya Shamsudin nililia. Lakini aliniazima kadi, akawa anaifuata kila jioni, anakaa, anaulizia inavyokimbia. Na wewe ulinipa kadi, kumbe ulinipa na jicho ndani yake. Siku ulipokasirika ukaidai. Kazi yangu yote imekaa juu ya vitu vya wanaume wanaoweza kuvichukua. Ndiyo maana nikaitaja mahari. Mahari ni haki yangu. Hakuna wa kuja kunidai."

"Sikudai tena."

"Huwezi tena. Shahidi sheikh." Akachukua simu yake, akamnyooshea. "Na jibu langu hukulisoma siku ile. Lisome."

Lilikuwa limeandikwa asubuhi ile ile, kabla Hamza hajaingia kupekua: "Kaka Shamsudin, Jumatatu nakurudishia. Zawadi napokea kwa mmoja tu, na yake inanitosha."

Hamza alilisoma mpaka herufi zikamchanganyikia. Yale mapepo yote aliyoyalea, yale maghorofa yote, na jibu lilikuwa mistari miwili chini ya macho yake.

"Nisamehe, Yasmini."

"Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri siku ile kwenye ukurasa mtupu."

Wiki iliyofuata walikaa studio pamoja, kadi ndogo imerudi mahali pake, inatoa video ya harusi yao wenyewe. Feni moja ililia kama bibi anayepanda ngazi. Asilimia zilitambaa.

"Ile kubwa ingekuwa imeshamaliza," Hamza akasema.

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Simu ya Yasmini ikalia ujumbe. Macho ya Hamza yakaenda, akayarudisha kwa nguvu ukutani.

"Uliza tu, utapasuka."

"Siulizi."

"Hamza."

"Haya. Ni nani?"

Yasmini akasoma, akaanza kucheka. "Saulo. Anauliza video imeshatoka, au tunasubiri bibi harusi ajifungue kwanza."

Hamza akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mkewe.

"Mwambie hatuna haraka."