Kompyuta ya Evarista Inataka Kupumua

Evarista akiona maandishi, lazima ayasome kwa sauti. Husoma maelezo kwenye mfuko wa mbolea. Husoma tangazo la chanjo ya mbwa. Hata karatasi iliyofungia maandazi huikunjua kwanza, akaisoma, ndipo akala. Watu wa kijiji chake cha Daa wamemzoea. Wakimsikia shambani peke yake, wanajua haongei na mashetani. Ameokota gazeti la zamani.

Anayemfurahia zaidi ni mama mkwe wake, Mama Selestina. Macho ya mama huyu yamepungua nguvu. Kufuma bado anafuma, kwa sababu vidole vyake vinajua njia. Kusoma hawezi tena. Kwa hiyo wakikaa kuchambua maharage, Evarista humsomea kitabu.

"Rudia pale mzee alipotumbukia mtoni," husema Mama Selestina.

"Aayo, tumesharudia mara nyingi!"

"Rudia. Leo anaweza kuokoka."

Aayo ni mama kwa Kiiraqw. Basi Evarista hurudia, na mzee hutumbukia tena, nao hucheka mpaka maharage yanamwagika.

Siku moja Tluway, mume wa Evarista, aliingia mbio na jembe mkononi. Alikuwa amesikia habari kwenye redio ya jirani.

"Evarista! Wanatafuta watu wa kusoma kwa sauti! Na wanawalipa!"

"Acha utani wako."

"Haki ya Mungu! Kuna kituo Arusha kinarekodi vitabu vya shule kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Msomaji anarekodi akiwa nyumbani kwake, halafu anatuma. Mke wangu, kazi hii umeifanya bure tangu nikuoe!"

Evarista aliweka ungo chini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, kisha shamba, ndoa na watoto vikafuata. Alikuwa hajawahi kuona kazi ambayo yeye mwenyewe angeiomba. Hii aliitaka. Aliitaka kuliko kitu chochote.

Kompyuta walikuwa nayo. Tluway aliinunua ikiwa imetumika, kutoka ofisi moja ya utalii Karatu mjini. Ilikuwa na kioo chake, na kasha la bati linalobeba vitu vyote vya ndani. Waliongeza kipaza sauti kidogo. Evarista akarekodi kurasa chache za majaribio, akazituma kwa mtandao.

Baada ya muda simu ililia. Alikuwa Naipanoi, mwanamke anayepokea wasomaji pale kituoni.

"Dada Evarista, sauti yako imetufurahisha," alisema. "Unasoma hadi mtu anaona. Lakini naomba nikuulize. Mnaishi karibu na mashine ya kusaga?"

"Hapana, dada."

"Basi kuna kitu kinanguruma nyuma yako mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wetu wanategemea masikio. Wakisikiliza kitabu kizima na ngurumo ile, watachoka. Rekodi upya. Tunachagua wasomaji Jumatatu."

Evarista aligeuka akaitazama kompyuta. Naye Tluway aliitazama. Wote walimjua mngurumaji.

Kompyuta ilikaa sebuleni, juu ya kabati la mbao. Ilikuwa imevaa vizuri. Katika nyumba ile kila kitu huvaa. Viti vina vitambaa vya kufuma, redio ina chake, runinga ina chake. Kompyuta ilipofika, Mama Selestina aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kinachoning'inia mbele na nyuma. Aliogopa vumbi. Na nani asiogope vumbi jekundu la Karatu? Wakati wa kiangazi huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.

"Kelele ni jambo dogo," alisema Tluway. "Tutaiziba mdomo."

Akaliingiza kasha ndani ya kabati, kitambaa na vyote, akafunga mlango. Ngurumo ikapungua. Akaongeza blanketi juu ya kabati. Ngurumo ikapungua zaidi. Tluway alisimama kifua mbele, kama jogoo aliyeleta alfajiri.

Evarista alianza kusoma. Alisoma vizuri sana. Lakini kadiri alivyosoma, kabati lilizidi kunguruma. Likaanza kutetemeka. Alipofika ukurasa wa mwisho, kompyuta ikazimika yenyewe. Rekodi yote ikapotea.

Evarista aliketi sakafuni. Machozi yalimlengalenga.

"Niongeze blanketi la pili?" aliuliza Tluway kwa sauti ya chini.

"Ukileta blanketi la pili, nitakufunika wewe."

Mama Selestina alikuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Mtoto wa jirani anatengeneza kompyuta mjini. Kwa nini hapa ndani tunabishana na kabati? Mwiteni Hyasinta."

Hyasinta alifika Jumamosi kwa bodaboda, begi la vifaa mgongoni. Ni fundi wa kompyuta Karatu mjini, na amezaliwa Daa hapo hapo. Aliamkia, akaomba kompyuta iwashwe humo humo kabatini, akanywa chai, kisha akafungua kabati. Joto lilimpiga usoni. Akaweka kiganja juu ya kasha na kukiondoa haraka.

"Hii ina homa," alisema. "Nani aliyeifunika hivi?"

Tluway alitazama dari. Evarista alikazia macho kikombe chake. Nani angethubutu kukitaja kitambaa cha mama mkwe?

"Blanketi ni la Tluway," alisema Mama Selestina mwenyewe. "Kitambaa ni changu. Nimekosea?"

Hyasinta akachuchumaa karibu naye. "Mama, ulitaka kuikinga na vumbi, na vumbi ni adui kweli. Lakini kompyuta inapumua. Inavuta hewa baridi mbele, inatoa hewa ya moto nyuma. Ndani kuna feni za kusukuma hewa hiyo. Ukiziba matundu, joto linabaki ndani. Feni zinazunguka mbio kulitoa, na ndiyo ngurumo mnayoisikia. Joto likizidi, kompyuta inajizima isiungue."

"Kwa hiyo nilikuwa naikaba?"

"Bila kukusudia, Mama."

Mama Selestina alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Basi ivueni, maskini! Hata mimi jua likiwaka sivai blanketi."

Evarista alishusha pumzi. Hyasinta alieleza kwamba kitambaa hakikatazwi kabisa. Kompyuta ikizimwa na kupoa, ifunikwe. Kabla ya kuiwasha, ifunuliwe.

"Ninyi mlificha kelele tu," alimwambia Tluway. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Tutafute ugonjwa wenyewe."

Kwanza, kabla ya kugusa skrubu yoyote, aliivua blanketi na kitambaa, ikapoa kidogo, akanakili picha na maandishi yote ya familia kwenye diski yake ya pembeni. "Vyuma vinanunuliwa dukani," alisema. "Picha za harusi yenu haziuzwi popote."

Kisha aliizima na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Wakalibeba kasha hadi kwenye meza barazani, vumbi lisirudi sebuleni. Wote wakajifunga vitambaa puani. Hyasinta aligusa bati la kasha kwa mkono mtupu. Alisema mwili nao una umeme wake mdogo unaoweza kuharibu vitu vya ndani, na bati huupokea bila madhara.

"Shika bisibisi," alimwambia Evarista.

"Mimi?"

"Kompyuta ni ya nani?"

Evarista alifungua skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Lo! Ndani kulikuwa na shamba. Vumbi jekundu lilikuwa limelala kila mahali, nene kama sufu ya kondoo.

"Tungeweza kupanda mbaazi humu," alisema Tluway.

Evarista alipewa brashi laini, kavu. Maji hapana, hata kitambaa kibichi hapana. Alishikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, akayapangusa taratibu, akapuliza kwa pampu ndogo ya mkono. Wingu jekundu liliondoka na upepo kuelekea bondeni. Kuku walikimbia. Kulikuwa na sanduku dogo pale waya wa umeme unapoingia. Hilo Hyasinta alimkataza kabisa kulifungua, kwani huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Vumbi lake lilipulizwa kwa nje tu.

Chini ya feni kubwa ya katikati kulikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kati ya ubongo na bati lake la kupozea kulikuwa na dawa ya kupitisha joto. Ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi. Hyasinta aliifuta, akaweka mpya, tone moja dogo kama punje ya dengu.

"Ongeza, dada, usiwe mchoyo," alisema Tluway.

"Hii si siagi ya mkate. Ikizidi inamwagika pembeni, haisaidii."

Sasa wakafika kwenye feni ya nyuma. Ilikuwa ndogo, na ekseli yake imelegea. Hyasinta alitoa kwenye begi feni nyingine, pana zaidi. Alishaipima, na nafasi yake ilikuwepo kwenye kasha.

"Feni kubwa si itapiga kelele kubwa?" aliuliza Evarista.

"Hebu niambie. Mtu mrefu na mtoto wakienda sokoni pamoja, nani anakimbia?"

"Mtoto."

"Na mrefu?"

"Anatembea tu." Evarista alisimama ghafla. "Aa! Kubwa inasukuma hewa nyingi kwa mzunguko mmoja. Haina haja ya kwenda mbio!"

"Umenipokonya kazi," alisema Hyasinta.

Evarista alicheka kwa sauti. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na hakujali. Ilikuwa miaka mingi tangu ajifunze kitu kipya, akakielewa chote papo hapo, kwa mikono yake.

Kilichobaki ni diski. Ile ya zamani ilikuwa na sahani zinazozunguka ndani, na zilitoa mkwaruzo, kru-kru-kru. Hyasinta alikuwa ameleta mpya, nyembamba kama daftari dogo. Ndani yake hakuna kinachozunguka. "Hakuna kinachozunguka, hakuna kelele. Na itafungua kazi zako haraka zaidi."

Alihamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Kazi hiyo ilichukua muda, wakala makande. Tluway aliuliza kama si afadhali wangenunua kompyuta nyingine kabisa.

"Ya nini?" alisema Hyasinta. "Hii ni nzima. Anza na usafi, hauna gharama. Kisha badilisha kile tu kinachokusumbua."

Mwishowe waliirudisha sebuleni. Haikurudi kabatini. Iliwekwa juu ya meza nzito, shubiri moja kutoka ukutani, matundu yote wazi. Tluway alikata vipande vya kandambili kuukuu akaviweka chini ya pembe nne za kasha, ili mtetemo usipite kwenye mbao. Hilo alilifikiri mwenyewe, na Hyasinta akampa mkono. Kipaza sauti kilisogezwa karibu na mdomo wa Evarista, mbali na kasha.

Evarista alibonyeza kitufe. Wakasubiri.

"Haijawaka," alisema Tluway. "Hyasinta, haijawaka!"

"Tazama kioo."

Kioo kilikuwa kinang'aa. Tluway aliinama akatega sikio kwenye kasha. Alisikia pumzi ndogo tu, kama ya mtoto aliyelala. Alimkumbatia mke wake, kisha Hyasinta, kisha akatoka nje akapiga ukelele uliowatoa majirani.

"Nyamaza sasa!" alisema Evarista. "Kelele iliyobaki ni wewe."

Dirisha lilifungwa. Jogoo alipelekwa kwa jirani. Evarista alisoma kurasa zake toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kisha akafungulia rekodi isikike, naye akaenda jikoni kutazama chungu, maana aliogopa kujisikiliza.

Mama Selestina alikuwa kwenye kiti chake, anafuma. Sauti ya Evarista ilijaa chumba. Ilisoma juu ya mvua, mito na udongo. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Pumzika kidogo, mwanangu, unywe maji," alisema. "Utakauka koo."

Sauti iliendelea kusoma.

"Evarista! Si nakwambia unywe maji?"

"Nipo huku jikoni, Aayo!" alijibu Evarista.

Mama Selestina aliduwaa, sindano ya kufumia mkononi. Tluway alicheka mpaka akashikilia ukuta. Evarista alikuja mbio, na mwiko bado anao. Alipoelewa kilichotokea hakuhitaji kuuliza mtu kama rekodi ni nzuri. Aliituma hapo hapo.

Jumatatu mchana simu ililia. Evarista aliiweka kwenye spika.

"Dada Evarista, ni Naipanoi. Mashine ya kusaga imekwenda wapi?"

"Tu... tumeisafisha, dada."

"Leo nimekusikia wewe tu. Umechaguliwa. Kuna kitabu cha jiografia wanafunzi wanakingojea, na nyuma yake viko vingine vingi. Tuanze lini?"

Evarista alifungua mdomo. Badala ya neno yakatoka machozi.

"Haloo? Dada Evarista? Upo?"

Mama Selestina alinyoosha mkono akapapasa, akaipata simu, akaisogeza mdomoni.

"Yupo, mwanangu," alisema. "Analia tu. Wewe lete vitabu."