Krimu ya Marehemu Zdravka

Jua lilikuwa linazama nilipoingia duka la dawa la mtaani kwetu, mjini Sliven, kuchukua vidonge vyangu vya presha. Nikamwuliza muuzaji, Bi Yordana, kwa nini uso wa binti yangu Nevena unachunika ngozi.

"Anapaka nini?"

"Krimu ya dada yake. Marehemu."

Nilipomtajia jina lililoandikwa kwenye kopo, alikunja uso.

"Bibi, hiyo ina vitamini A kali. Inachubua ngozi ya juu ili mpya itoke. Si Nevena ana mimba?"

"Ya miezi mitano."

"Mjamzito hapaki hiyo! Inaweza kumdhuru mtoto. Nani kampa?"

"Mimi."

"Basi kamnyang'anye sasa hivi."

Kwetu vitu vya marehemu havigawiwi mpaka siku arobaini ziishe, maana roho bado inazunguka nyumbani kwake. Naijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini Zdravka wangu alikuwa fundi wa urembo, na makopo yake yalijaa bafuni. Kila nikiyaona nalia. Siku ya tisa tangu afariki nikachukua moja, nikampa mdogo wake.

Siku hiyo niliyokwenda duka la dawa ilikuwa ya thelathini na saba.

Nilitembea haraka kwenda kwa Nevena, nikisali. Asubuhi tu Nevena alikuwa amenitania kwenye simu: "Mama, nachunika kama kiazi cha kuchemsha! Dada angeniona angenicheka mpaka akae chini."

Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani giza lilikuwa linaanza kuingia.

Nikanusa udongo mbichi...

Nevena alikuwa amelala chali kwenye kochi. Pembeni yake alikaa mwanamke, amenipa mgongo. Alikuwa anampaka krimu usoni, taratibu, kwa vidole viwili, kutoka kidevuni kwenda juu.

Hivyo ndivyo Zdravka alivyowapaka wateja wake.

"Mwanangu?" nilinong'ona.

Vidole havikusimama.

"Siku tisa tu, Mama. Hukuweza kunisubiri?"

"Nisamehe. Niliumia..."

"Uliumia, ukanifukuza. Kikombe changu umekiacha, koti langu umeliacha. Uso wangu ndio umeugawa."

Sauti ilikuwa yake. Chuki ile sikuwahi kuisikia kwake.

Mkono ukateremka. Shingoni. Kifuani. Ukatua juu ya tumbo la Nevena.

"Huyu humu ndani," alisema, "ana ngozi mpya kabisa."

Nikaona tumbo linaruka chini ya kiganja kile. Nevena akalia usingizini.

Nilipiga magoti. "Bwana uturehemu. Zdravka, muache. Kosa ni langu. Chukua uso wangu."

Alicheka.

"Wa kwako? Umechakaa, Mama."

Kisha akageuka.

Macho yalikuwepo. Meno yalikuwepo. Ngozi haikuwepo.

Vidole viwili vya baridi vikagusa shavu langu, vikapanda juu...

"Mama! Mbona umepiga magoti gizani?"

Nevena alikuwa ameketi, anawasha taa. Kopo lilikuwa sakafuni, limekombwa mpaka kitako.

Bi Yordana alisema ni dawa tu, na kwamba Nevena akiacha, uso utapona. Ulipona. Padri alisema ni majonzi yangu, akaniombea. Mtoto alizaliwa salama wakati wa Pasaka, mvulana wa kilo nne. Namshukuru Mungu.

Lakini wiki ileile ya vidole vya baridi, shavu langu lilianza kuchunika. Sijapaka kitu. Ngozi inatoka vipande vipande kama karatasi, na chini yake kuna nyingine, laini, isiyo na kunyanzi hata moja. Nina miaka sitini na sita. Kanisani wanawake wananivuta pembeni: "Hebu tuambie siri, mwenzetu! Au umepata mchumba?"

Mjukuu wangu sijampakata mpaka leo. Akiniona analia mpaka anakosa pumzi. Na Nevena, kila akifungua mlango akanikuta nimesimama pale, hunitazama kwa muda mrefu, kisha huniuliza kwa sauti ndogo:

"Ni wewe, Mama?"

Namjibu ni mimi.

Hajawahi kuniamini.