Zamu ya Masereka

Kilio kilisikika mchana, wodi ya wazazi ikiwa tupu. Kimoja tu, kifupi, kama cha mtoto aliyezibwa mdomo. Nesi Robinah aliyekuwa anatandika aliinama akachungulia mvunguni. Hapakuwa na mtu. Palinuka maji ya uzazi, na sakafu ilisuguliwa kwa Jik asubuhi hiyohiyo.

Alijua ni nani, asijifanye. Mwaka uliopita Mbambu wa Kinyamaseke alijifungua hapa Bwera, akazimia kwa kutokwa damu. Mtoto wake wa kiume akalia mara moja mikononi mwa Robinah, akapaliwa na ute. Mashine ya kuvuta ute ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati mkobani mwa Sista Nabukenya, mkubwa wa wodi, aliyekuwa sokoni anachagua vitenge. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshapoa.

"Huyu hakulia," Nabukenya alisema. "Alitoka hivyo. Umesikia, musichana?"

"Ndiyo, Sista."

Ndiyo, Sista! Miaka yote ya chuo, na hayo ndiyo aliyotoka nayo.

Sasa, Wakonzo wanaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Kwa akina Mbambu, aliyelia anahesabiwa hata akifa. Asiyelia anazikwa bila zamu. Mbambu alikuwa na Baluku na Bwambale. Mwaka huu akazaa mvulana mwingine na, kwa kuwa aliambiwa yule hakulia, akamwita Masereka.

Tangu siku ya jina hilo wodi haikukalika. Kilio kilitoka ukutani, kikatoka kwenye mabeseni, kikawafuata wajawazito hadi chooni, mpaka mmoja akajitwika virago vyake na uchungu wake akaenda kuzalia kwa shangazi, na ile harufu ikaingia kwenye chai, kwenye sare, kwenye nywele za Nabukenya mwenyewe, ambaye sasa alitembea ameshika ukuta huku akiapa kwamba ni panya.

Akaitwa Mzee Muniru, mtoa majini kutoka Kasese. Akafukiza ubani, akasoma, akauliza, "Wewe nani?"

Mdomo wa Robinah ukajibu, kwa sauti isiyo yake, "Jina yangu iko na mwingine."

Muniru akafunika chetezo. "Hii mimi sitoi. Hii iko na haki yake. Mwambieni mama."

"Ukisema, tunafukuzwa wote," Nabukenya alinong'ona. "Nani atakupa kazi tena? Mdomo yako ilale!"

"Imelala mwaka mzima, Sista. Ndiyo maana mwingine amehamia."

Mbambu alipoleta mtoto kwa chanjo, Robinah alimpigia magoti hapohapo langoni, akasema yote: ufunguo, vitenge, ndiyo Sista.

Mbambu hakumpiga. Alikaa chini, akamfungua mtoto mgongoni, akampa ziwa.

"Kumbe huyu iko Kule," akasema. Akamgeukia nesi. "Na yule, musawo, alilia namna gani? Mimi sikumusikia."

Robinah akafungua kinywa amweleze. Kikatoka kile kilio chenyewe, kikamkwaruza koo, kikaisha. Nyuma yao wodi ikatulia.

Mbambu akatoa ziwa la pili, akaliacha wazi hewani.

"Masereka," akaita, polepole. "Kuja, baba."

Robinah akaona chuchu inavutwa, inaachwa, inavutwa.