Saini Iliyokausha Chemchemi Yetu

Kaka yangu alikufa nikiwa simsemeshi.

Miaka mitatu! Mtu tuliyelala tumbo moja!

Mawe nitupieni baadaye jamani, kwanza nisikilizeni.

Asubuhi moja bomba la bustani yetu lilikohoa, likanyamaza. Kaka akakimbilia ofisi ya maji, akarudi na habari: kiwanda cha matofali kimepewa chemchemi yetu. Kibali cha maji, cha familia tangu enzi za baba, eti tumekiachia kwa hiari.

"Nani kasaini?!"

Kaka akainamisha kichwa.

"Mimi."

"Wewe? Maji yaliyonisomesha chuo?"

"Mimi, dada. Nisamehe."

Mama yuko kitandani, anasikia yote. Nikamwambia kaka asikanyage tena kwangu. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Mazishini nilikaa nyuma, kama jirani.

Baadaye nikaiandikia ofisi ya maji kuomba kusoma faili letu, nipate kudai kibali kirudi. Nikasubiri mwezi mzima. Mtunza kumbukumbu, baba mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanitolea.

"Halitoki nje, mama. Unasoma mbele yangu, ukimaliza unasaini kadi."

Kadi ya wasomaji ilikuwa imebandikwa kwenye jalada. Jina moja tu, limejirudia mara tisa...

La kaka!

"Mzee wa kofia?" akacheka. "Alituchosha huyo! Yuko wapi siku hizi?"

Nikafunua faili.

Fomu ya kuachia kibali. Chini, saini yenye mkia mrefu.

Yangu!

Nikaukumbuka mkutano wa watumia maji. Mimi ndiye msomi wa ukoo, kila karatasi huletwa kwangu. Nilikuwa na haraka. Afisa akanisogezea karatasi tatu: "Mahudhurio tu, mama." Nikasaini zote nimesimama, mkoba begani.

Nyuma ya fomu kulikuwa na barua ya kaka, mwandiko wa darasa la nne:

"Dada yangu alidanganywa. Nyumbani nimesema ni mimi. Mama mgonjwa, akijua ni msomi wake atakufa kabla ya siku zake. Naomba shauri lisifungwe."

"Halijafungwa," akasema yule baba. "Barua zake ndizo zimelishikilia. Tulimwambia amlete mwenye saini aeleze. Mara tisa! Akasema bora lawama abaki nayo yeye."

Nikaweka kidole kwenye ule mkia mrefu.

"Mwenye saini ni mimi."

Akavua miwani. Hakucheka tena.

Diploma yangu iko ukutani, kwenye fremu. Aliyesoma faili ni wa darasa la nne. Ndugu zangu, someni kabla ya kusaini! Na kabla hujamfukuza wa damu yako, kaombe faili.

"Saini hapa, mama. Chini ya jina lake."

Niliisoma ile kadi, mstari kwa mstari. Mara mbili.

Ndipo nikashika kalamu.